Padri Damien, Ndugu wa Wakoma

Katika nchi ya Ubelgiji, si mbali na mji wa Leuven, kuna kijiji kiitwacho Tremelo. Huko alikaa mtu mmoja jina lake Frans De Veuster, pamoja na mkewe Anne-Catherine. Walikuwa na shamba, tena Frans alifanya biashara ya nafaka. Mungu aliwajalia watoto wanane. Wa saba alizaliwa tarehe 3 Januari 1840, akabatizwa jina la Jozef.

Nyakati za baridi, kazi ya shamba ilipokwisha, mama aliwakusanya watoto wake karibu na moto. Alikuwa na kitabu kikubwa cha zamani chenye habari za watakatifu, akawasomea. Ndivyo Jozef alivyosikia habari za watu walioacha jamaa zao na kwenda mbali kwa ajili ya Mungu. Mama yule hakujua bado kwamba kwa kusoma hivyo alikuwa akimtayarisha mwanawe aondoke.

Jozef alikuwa kijana mwenye nguvu na mikono hodari. Baba yake alimtazama akafurahi. Dada zake wawili walikuwa wameingia utawa, na kaka yake Auguste pia alikuwa ameingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria mjini Leuven, akapewa jina la Pamphile. Basi baba aliona kwamba Mungu amekwisha pata sehemu yake katika nyumba hiyo, na Jozef atabaki kushika biashara. Mwaka 1858 alimpeleka Braine-le-Comte ajifunze Kifaransa, maana kwao walisema Kiflamandi, na mfanya biashara asiyejua Kifaransa alipata hasara sokoni.

Lakini huko shuleni Jozef alisikia mahubiri ya mapadri waliopita kufundisha watu, na moyo wake ukageuka. Aliwaandikia wazazi akiomba ruhusa ya kumfuata kaka yake. Baba alisitasita. Tarehe 3 Januari 1859, siku Jozef alipotimiza miaka 19, baba alikwenda naye Leuven. Akamwacha kwa Pamphile ale chakula huko, yeye mwenyewe akaenda kwenye shughuli zake. Aliporudi kumchukua, kijana akamwambia kwamba harudi tena nyumbani. Mzee Frans hakugombana naye. Alipanda gari lake la farasi, akarudi Tremelo peke yake.

Katika shirika Jozef alipewa jina la Damien, jina la mganga mtakatifu wa zamani aliyewatibu watu bila malipo. Hakuna aliyefikiri wakati ule kwamba jina hilo lingemfaa sana. Wakubwa wa shirika waliona kwamba hajui Kilatini, wakakata shauri kwamba hawezi kuwa padri. Atakuwa bruda tu. Damien alikubali, akafagia, akabeba kuni, akafanya kila kazi aliyopewa. Ila alipokuwa na nafasi kidogo, alimwomba Pamphile amfundishe maneno machache ya Kilatini. Kidogo kidogo alijua mengi. Wakubwa walishangaa, wakabadili shauri lao, wakamruhusu asome masomo ya upadri.

Tarehe 7 Oktoba 1860 aliweka nadhiri mjini Paris. Kwa desturi ya shirika, wanaoweka nadhiri walilala chini, wakafunikwa nguo nyeusi ya kufunikia maiti, iwe alama kwamba wameifia dunia. Wengi hupita chini ya nguo ile na baadaye huisahau. Damien aliikumbuka mpaka mwisho wake.

Mwaka 1863 wakubwa walimchagua Pamphile aende kuhubiri Injili katika visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari kubwa ya Pasifiki. Nafasi yake katika merikebu ilikuwa tayari. Lakini ugonjwa wa homa kali uliingia mjini Leuven. Pamphile akawahudumia wagonjwa, akaambukizwa, akalala kitandani hata kusimama hakuweza. Alihuzunika sana. Ndipo Damien, ambaye alikuwa bado mwanafunzi, aliandika barua moja kwa moja kwa Mkubwa wa shirika lote huko Paris, bila kuwauliza wakubwa wa nyumba yake. Aliomba apewe nafasi ya kaka yake. Neno hilo halikuwa la adabu sana, na Damien hakuwa mtu wa kungoja sana. Jibu likaja: aende.

Kabla ya safari alikutana na mama yake mahali pa hija pa Bikira Maria, Scherpenheuvel. Waliomba pamoja mbele ya sanamu ya Mama wa Mungu, wakaagana. Hawakuonana tena duniani.

Merikebu ya matanga ilitoka Bremerhaven, katika Ujerumani, ikazunguka ncha ya kusini ya Amerika yenye dhoruba nyingi, ikakaa baharini miezi mitano hivi. Ilifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa ubatizo wake. Tarehe 21 Mei mwaka uo huo Damien alipadirishwa katika kanisa kuu la Honolulu.

Miaka tisa alifanya kazi katika kisiwa kikubwa kiitwacho Hawaii, kwanza Puna, halafu Kohala. Kisiwa hicho kina milima ya moto, na majabali yake yanashuka baharini. Padri alipanda farasi, alitembea kwa miguu, alivuka mito. Alijifunza lugha ya wenyeji na kula chakula chao, magimbi yaliyopondwa. Mahali pasipokuwa na kanisa alijenga mwenyewe kwa msumeno na nyundo. Kazi haikumshinda. Upweke ndio uliomwuma. Kwa tabia yake alipenda kuwa na watu, naye alikaa majuma mengi bila kumwona padri mwenzake wa kumwungamia dhambi zake. Hakujua kwamba miaka hiyo ilikuwa kama darasa la kwanza tu la shule hiyo.

Wakati ule ugonjwa wa ukoma ulikuwa umeenea katika visiwa vile. Ulikuja pamoja na wageni kutoka nchi nyingine, na wenyeji hawakuwa na nguvu ya kuupinga. Dawa haikuwapo. Serikali ya mfalme wa Hawaii ikaogopa kwamba taifa lote litakwisha. Mwaka 1865 ikatoa sheria: kila mwenye ukoma akamatwe, atengwe na watu. Polisi wakawatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba. Mume aliondolewa kwa mkewe, mtoto kwa mama yake. Wengine walikimbilia milimani na kujificha.

Mahali walipopelekwa ni katika kisiwa cha Molokai. Huko kuna rasi ndogo inayoingia baharini. Pande tatu ni bahari yenye mawimbi makali. Upande wa nne ni jabali lililosimama wima, zaidi ya meta 500 kwenda juu. Asiye na mbawa hatoki. Wakoma wa kwanza walifika huko Januari 1866. Serikali ilifikiri kwamba watalima na kujilisha wenyewe. Lakini mtu aliyepoteza vidole vya mikono na miguu atalimaje? Walikaa katika vibanda vya majani, wakilala chini penye unyevu. Wenye nguvu waliwanyang'anya wadhaifu. Walipika pombe kwa mizizi, wakalewa, wakacheza kamari, wakasema waziwazi kwamba mahali pale hapana sheria. Na kwa nini wangeogopa sheria? Walikuwa wamekwisha hukumiwa kufa bila kosa.

Hata hivyo Wakristo walikuwamo kati yao, nao walimwandikia Askofu wakiomba padri. Mwaka 1872 bruda mmoja alikwenda kuwajengea kanisa dogo la Mtakatifu Filomena, mahali paitwapo Kalawao, akarudi zake. Kanisa likabaki bila padri.

Mwanzo wa Mei 1873, Askofu Maigret alikusanyika na mapadri wake katika kisiwa cha Maui kubariki kanisa jipya. Akawaeleza habari za wakoma wa Molokai. Alisema kwamba hawezi kumwamuru mtu kwenda huko, maana ni kumpeleka kufa. Mapadri vijana wanne wakajitolea. Wakapatana kwamba watakwenda kwa zamu, kila mmoja miezi michache. Damien aliomba awe wa kwanza. Wengine hawakupata zamu yao.

Tarehe 10 Mei 1873 meli ndogo iliwashusha Kalaupapa: Askofu, Padri Damien, na wakoma 50 waliokamatwa. Padri hakuwa na mizigo, ila kitabu chake cha sala na vitu vichache. Alikuwa na miaka 33. Askofu aliwaambia Wakristo kwamba amewaletea baba, kisha akarudi katika meli.

Usiku ule Damien hakuwa na nyumba. Alilala chini ya mti uitwao mkadi, uliosimama karibu na kanisa, akalala hapo majuma kadhaa. Mchana aliwazungukia wagonjwa katika vibanda vyao. Tusifikiri kwamba haikuwa vigumu kwake. Harufu ya vidonda ilimshinda. Mara nyingine, hata katikati ya Misa, alitamani kukimbilia nje apate hewa. Alianza kuvuta tumbako katika kiko ili harufu isishike nguo zake. Lakini aliamua jambo moja tangu siku za mwanzo: hatawaonyesha wakoma kwamba anawaogopa. Aliwashika mikono. Aliwafunga vidonda. Alikula pamoja nao katika bakuli moja, akawaachia kiko chake wakavuta. Madaktari wa siku zile walimwonya, na kwa kweli hakujilinda. Wengine wamesema baadaye kwamba hakuwa na busara. Labda ni kweli. Lakini watu waliotupwa na dunia yote hawangemsadiki padri anayesimama mbali kidogo.

Alipohubiri hakusema nao kama mtu aliye nje. Alisema siku zote sisi wakoma, ijapokuwa mwili wake ulikuwa mzima.

Kisha akashika msumeno na randa. Maji yalikuwa mbali, na watu wasio na miguu walikuwa wakijikokota kuyachota. Padri alitafuta chemchemi katika bonde, akaomba mabomba kwa serikali, akayatandika pamoja na wale waliokuwa bado na nguvu, mpaka maji safi yakafika Kalawao. Mwaka 1874 dhoruba kubwa iliangusha vibanda. Watu walilia, Damien aliona ndio wakati. Aliwaandikia wakubwa wa serikali, akawasumbua, akawaandikia tena, mpaka walipoleta mbao. Wakajenga nyumba ndogo nyeupe, zilizoinuliwa juu ya ardhi ili unyevu usiingie. Aliwakusanya watoto yatima akawajengea nyumba, wavulana mahali pao, wasichana mahali pao. Alifundisha kuimba, akaunda kundi la wapiga ngoma na tarumbeta. Husimuliwa kwamba kinanda cha kanisa kilipigwa na watu wawili pamoja, kwa sababu mmoja peke yake hakuwa na vidole vya kutosha.

Na majeneza. Zamani maiti walitupwa katika shimo, wamefungwa katika mkeka, na nguruwe walikuja kufukua. Damien alizungushia makaburi ua, akatengeneza masanduku ya maiti kwa mikono yake, mamia kwa mamia, katika miaka kumi na sita. Alichimba na kaburi pia, kama hapakuwa na mwingine wa kuchimba. Makaburi yalikuwa karibu na nyumba yake. Jioni alitembea humo akisali rozari, naye alisema kwamba hapo ndipo alipopenda kukaa kufikiri juu ya mbingu.

Sasa tuseme habari ya shida iliyomwuma kuliko harufu na kazi.

Mwanzoni serikali iliyoshika sheria ya kutenga wakoma ilimkataza Padri kutoka Molokai: akitaka kukaa, akae, lakini asitoke, wala padri mwingine asiingie kumtembelea. Damien hakuogopa kukaa. Aliogopa kukaa bila kuungama. Siku moja mkubwa wa shirika lake katika visiwa vile alikuja na meli iliyoleta vyakula. Nahodha alimkataza asishuke, maana ndivyo alivyoamriwa. Damien alipanda mtumbwi, akapiga makasia mpaka ubavuni mwa meli, akaomba kupanda. Nahodha alikataa tena. Basi Padri alisimama ndani ya mtumbwi uliochezeshwa na mawimbi, akapaza sauti, akaungama dhambi zake kwa Kifaransa, na mabaharia wote wakisikia. Mkubwa wake aliyekuwa juu ya meli akanyosha mkono akampa maondoleo. Mtumbwi ukarudi pwani.

Baada ya muda amri ile ililegezwa. Walikuja na mapadri wawili wa kumsaidia, mmoja baada ya mwingine. Hawakupatana naye vizuri. Damien alikuwa mkaidi, mwepesi wa hasira, tena alitaka kazi ifanyike leo, wala si kesho. Na wenzake nao walikuwa na tabia zao ngumu. Wakaondoka. Tangu mwaka 1885 alibaki peke yake tena, miaka mitatu hivi. Alipokosa padri wa kumwungamia, alipiga magoti mbele ya tabernakulo, akamwungamia Bwana Yesu mwenyewe, akingoja siku atakapopata padri. Alimwandikia kaka yake kwamba bila Sakramenti Takatifu ya Altare hangeweza kukaa mahali pale hata kidogo. Alianzisha pia kati ya wakoma desturi ya kumwabudu Yesu katika Ekaristi, mchana na usiku, kwa zamu. Mgonjwa aliyeshindwa kufika kanisani alishika zamu yake katika kitanda chake.

Watu wa mbali walianza kusikia habari zake. Mwaka 1881 dada wa mfalme, Liliuokalani, alikuja Molokai. Wakoma walimpokea kwa nyimbo. Alitaka kuwahutubia, lakini alipowatazama watu wake katika hali ile, machozi yalimzuia, asiweze kusema. Baadaye Padri alipelekewa nishani ya heshima ya mfalme. Hakuipenda kuivaa, koti lake bovu lenye viraka halikufaa kwa nishani.

Mwezi wa Desemba 1884 Padri alirudi katika safari, amechoka. Akatia miguu yake katika beseni la maji ya moto. Ngozi ilivimba malengelenge, lakini hakusikia maumivu. Maji yalikuwa yamemwunguza, naye hakujua. Akafahamu mara moja. Alikuwa amewaona wengi hivi. Mwanzo wa mwaka 1885 daktari Arning alimpima, akathibitisha kwamba ni ukoma.

(Ndivyo ugonjwa huo unavyojulikana: mahali pa ngozi pasiposikia tena, wala moto, wala sindano. Ukoma uko bado katika nchi yetu ya Kongo. Mtoto akiona katika ngozi yake doa lisilosikia kitu, asilifiche kwa haya, aende zahanati. Siku hizi dawa ziko, hutolewa bila malipo, na mtu hupona kabisa. Siku za Padri Damien hazikuwapo.)

Alimwandikia Askofu habari hiyo kwa maneno machache, akasema amejitoa katika mapenzi ya Mungu. Wengi walimhurumia. Yeye alisema kwamba, kama angeambiwa atapona akiondoka Molokai na kuiacha kazi yake, hangekubali kupona. Sasa neno lile la sisi wakoma lilikuwa kweli katika mwili wake pia.

Lakini asidhani mtu kwamba miezi iliyofuata ilikuwa ya amani tu. Magazeti ya Ulaya yalitangaza ugonjwa wake. Huko Tremelo, mama yake mzee alipata habari kwamba mwili wa mwanawe unaoza. Alihuzunika sana, akafa mwezi wa Agosti 1886. Katika London, mchungaji mmoja wa Kianglikana alikusanya fedha nyingi akampelekea kwa ajili ya wagonjwa wake. Badala ya kufurahi, wakubwa wake wa Honolulu walichukizwa, maana waliona kwamba watu watafikiri Misioni haikumsaidia. Wakamwandikia maneno makali, kwamba anatafuta sifa. Alipotaka kwenda Honolulu kutafuta matibabu na kuungama, walimzuia kwanza. Wakati huo uso wake ulikuwa umevimba, masikio yamekuwa makubwa, sauti imekauka. Damien aliogopa hata asistahili mbinguni; mawazo mazito yalimwingia usiku. Hakuficha jambo hilo kwa rafiki zake. Asubuhi aliamka, akasoma Misa, akashika nyundo.

Alikuwa ameomba masista miaka mingi. Ameomba padri. Ameomba msaidizi yeyote. Majibu hayakuja, au yalikuja kwa maneno ya kesho na kesho kutwa. Hatimaye yalikuja, na kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiri.

Mwezi wa Julai 1886 alishuka pwani mtu mmoja wa Marekani, Joseph Dutton. Hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa askari zamani katika vita vya Marekani, naye maisha yake ya nyuma yalikuwa na ulevi. Sasa alitaka kufanya malipizi. Alikuwa amesoma habari za Molokai katika gazeti, akaja bila kuitwa, bila kudai mshahara. Alikaa huko zaidi ya miaka 40, wala hakushikwa na ukoma. Mwezi wa Mei 1888 akafika Padri Conrardy, Mbelgiji kama Damien, kutoka Liège. Na mwezi wa Novemba mwaka ule wakafika masista watatu Wafransisko, na mkubwa wao Mama Marianne Cope, aliyekuwa akiwauguza wakoma Honolulu tangu miaka mitano. Alikuwa amewaahidi masista wake kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeambukizwa. Aliwafundisha usafi na kunawa mikono kila mara, na ikawa hivyo. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2012.

Damien alipoona masista wamechukua watoto wake yatima, alisema kwamba sasa anaweza kufa; kazi haitaanguka.

Lakini hakuacha kazi mara moja. Hata mwanzo wa mwaka 1889 alikuwa juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Filomena akilipanua, akitoa amri huku na huku. Mwisho wa Machi alilala. Aliungama kwa padri mwenzake, akapokea Sakramenti za mwisho. Walimkuta amelala chini juu ya godoro la majani, bila shuka, wakamsihi apande kitanda. Alisema kwamba Bwana anamwita kuadhimisha Pasaka mbinguni. Alikufa asubuhi tarehe 15 Aprili 1889, siku ya Jumatatu ya Juma Takatifu, umri wake miaka 49. Wakoma walimbeba, wakamzika chini ya mkadi ule ule aliolala siku ya kwanza.

Maneno mabaya hayakuisha pamoja naye. Mchungaji mmoja wa Honolulu aliandika kwamba Damien alikuwa mtu mchafu na mkaidi. Robert Louis Stevenson, mwandishi wa vitabu kutoka Uskoti, ambaye si Mkatoliki, alikuwa amekwenda Molokai mwezi mmoja hivi baada ya mazishi, akawauliza wakoma wenyewe. Mwaka 1890 alimjibu mchungaji yule mbele ya dunia yote. Hakukataa kwamba Damien alikuwa na makosa. Aliuliza tu ni nani mwingine aliyekwenda kule.

Mwaka 1873, mwaka ule ule Damien aliposhuka Kalaupapa, daktari Hansen wa Norwe aliona kwa mara ya kwanza kijidudu kinacholeta ukoma. Lakini dawa iliyofaa ilipatikana baada ya mwaka 1940 tu, na dawa zinazotumiwa siku hizi tangu mwaka 1982. Sheria ya kutenga wakoma huko Hawaii ilifutwa mwaka 1969. Watu 8,000 hivi walikuwa wamepelekwa katika rasi ile.

Mwaka 1936 serikali ya Ubelgiji iliomba mwili wa Padri Damien. Merikebu iitwayo Mercator iliuleta Antwerp, na Mfalme Leopold wa Tatu alikuja kuupokea bandarini. Kisha ukazikwa Leuven, katika mji ule ambapo zamani kijana mmoja alimwambia baba yake kwamba harudi nyumbani. Tarehe 4 Juni 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Bruksel, na tarehe 11 Oktoba 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita alimtangaza mtakatifu huko Roma.

Wakoma wa Molokai walikuwa wamehuzunika mwaka ule 1936, walipoona baba yao anachukuliwa. Kwa hiyo mwaka 1995 Wahawaii walirudishiwa sehemu yake moja, mkono wa kuume. Ulichukuliwa mpaka Kalawao, ukazikwa tena katika kaburi lake la kwanza, karibu na kanisa la Mtakatifu Filomena.